Sura ya Sita: Mgeni Nyumbani Kwake

Inspekta hakumpenda maiti huyu tangu alipomwona. Alikuwa amelala vizuri mno: chali, mikono kando, shuka hadi kidevuni, macho yamefumbwa. Mtu anayeuawa na moyo hafi kwa adabu hivyo. Hung'ang'ania pazia, huangusha taa, hutapika. Huyu alikuwa kama ametandikwa pamoja na kitanda.

"Ndiye mwenye nyumba," Sajini alisema. "Mwenye kiwanda cha saruji, mwenye meli, mwenye kila kitu. Nyumba ina vyumba saba vya kulala, afande. Mbona kalala hiki?"

Swali lilikuwa zuri. Kilikuwa chumba cha wageni, mwisho wa korido: vigae vyeupe, kitanda chembamba, kabati tupu, na ukutani picha ya maua iliyonunuliwa pamoja na fremu yake. Juu ya kiti palikuwa na sanduku la safari, limefungwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuwa na miaka sabini na minne, na nyumba aliijenga mwenyewe.

Daktari wa polisi, mama mfupi asiyependa kuamshwa mapema, alikuwa anavua glavu.

"Moyo," alisema. "Ulianza alfajiri, ukaenda polepole. Alikuwa na muda."

"Muda gani?"

"Wa kutosha. Unasikia king'ora hicho? Hiyo ni hospitali, iko nyuma ya ukuta wa bustani. Wangemwahi hata kwa toroli." Akainua shuka upande wa miguu. "Na hebu ona visigino."

Visigino vya Mzee vilikuwa vimechubuka. Katika michubuko hiyo kulinasa nyuzi za sufu, za kijani. Inspekta akatazama vigae vyeupe chini ya viatu vyake, kisha akaliendea sanduku na kulifungua.

Alilipakua kitu kimoja kimoja, akipanga sakafuni. Mashati. Kisanduku cha dawa. Suti nyeusi iliyokunjwa na kiango chake ndani, kiango kizito cha mbao chenye ndoano ya shaba. Chini kabisa, chini ya suti, palikuwa na ndara za ngozi zilizochakaa upande mmoja.

"Sajini, wewe ukilala ugenini, ndara zako unaziweka wapi?"

"Chini ya kitanda, afande."

"Na mzee wa umri huu, anayeamka kwenda msalani kila mara?"

"Chini ya kitanda, afande. Tena zimeelekezwa mlangoni."

"Basi aliyezipakia hizi alikuwa ameshaamua kwamba mwenyewe haamki tena. Na nani husafiri na kiango cha mbao? Huyu aliondoa nguo kabatini kwa haraka. Hebu twende tukasalimie."

Sebuleni alikaa Wakili. Hakuwa na jina jingine katika nyumba ile. Alikuwa Wakili tu, kama vile jua ni jua. Alikuwa amefunga tai. Saa hiyo mwuza maziwa mwenyewe alikuwa hajapita, lakini Wakili alikuwa amefunga tai na kuchana nywele.

"Nilipigiwa simu, nikaja, nikakuta ameshafariki," alisema. "Nikaita gari la wagonjwa. Basi."

"Wewe ndiye uliyeita? Siyo wa nyumbani?"

"Bi Mkubwa alikuwa amechanganyikiwa."

"Bi Mkubwa ni mke wa marehemu?"

"Alikuwa mke. Walitalikiana miaka sita iliyopita." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua bei ya kila kitu chumbani. "Nikueleze kazi yangu, Inspekta, utaelewa upesi. Nahudumia familia zinazoishi nchi tatu, nne. Kodi ya urithi humfuata mtu mpaka pale anapopaita kwake. Siyo alipozaliwa, wala mali ilipo. Anapopaita kwake. Mzee alihamia nchi isiyotoza urithi hata senti. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba amehama kweli."

"Kweli vipi?"

"Maafisa wa kodi si wajinga. Hawaangalii pasipoti tu. Wanauliza mkeo yuko wapi, mbwa wako yuko wapi, kaburi umenunua wapi. Kwa hiyo kaburi tukanunua kule. Mbwa tukampeleka kule."

"Anaendeleaje?"

"Nani?"

"Mbwa."

"Alikufa. Joto."

"Na mke?"

"Mke alikataa kuhama. Tukamtaliki." Alilisema kama fundi anayeeleza bomba alilolikata. "Karatasi tu, wala hawakuwa na ugomvi. Nyumba ikawa ya kampuni, yeye akawa mpangaji. Mzee akija huku anakuja kama mgeni. Analala chumba cha wageni. Nguo haziingii kabatini, dawa hazibaki ndani ya nyumba. Familia zangu zote zinafuata utaratibu huo. Na likitokea lolote, liwe harusi, liwe ajali, wanapiga simu kwangu kwanza."

"Kabla ya daktari?"

"Kabla ya yeyote." Akasita. "Kwa mambo ya kawaida."

Inspekta alimchukia pale pale, na kazi ikawa nyepesi.

"Kuna lingine?" aliuliza.

Wakili akashusha sauti. Alikuwa hodari wa kushusha sauti. "Sisemi neno. Ila jana usiku walibishana, nilisikia kwenye simu. Na Bi Mkubwa ndiye aliyempa maziwa ya kulalia. Mke aliyeachwa, Inspekta. Wewe mwenyewe unajua."

Glasi ya maziwa ilikuwa bado kando ya sinki. Sajini akaichukua kwa leso kama mtu aliyeokota almasi, akampelekea daktari. Daktari akainusa, akachovya kijiti chake, akasubiri, akarudisha jibu kwa neno moja: maziwa. Sajini akanyong'onyea. Inspekta hakunyong'onyea, alitaka kujua kwa nini mtu anayesema hasemi neno amesema maneno mengi hivyo.

Simu ya Bi Mkubwa ilikuwa juu ya meza ya jikoni. Mwenyewe alikaa mbele yake, mwanamke mwembamba mwenye mvi, amejifunga khanga juu ya gauni la kulalia, mikono mapajani. Aliisukuma simu bila kuulizwa. Alfajiri ile alipiga namba moja, mara mbili. Hakuna nyingine. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita nusu saa nzima.

Inspekta akaibonyeza namba ile. Sauti ya mwanamke, laini kama mafuta ya nywele, ikasema: "Asante kwa kupiga simu. Kwa usalama wako, mazungumzo haya yanarekodiwa." Kisha ikaanza kuita. Ndani ya sebule, mfukoni mwa Wakili, simu ikalia.

Alipotokeza mlangoni akiwa ameishika, Inspekta alimwinulia ile ya Bi Mkubwa.

"Utaratibu mzuri," alimwambia. "Unarekodi kila kitu?"

Wakili akaikata simu, akairudisha mfukoni.

Chumba cha mwenye nyumba kilikuwa upande wa pili wa korido. Zulia lake lilikuwa la kijani. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilipita mistari miwili sambamba, manyoya yamelazwa upande mmoja, kama mtu aliyeburuta toroli lisilo na magurudumu. Kabatini vilining'inia viango vya mbao vyenye ndoano za shaba. Upande wa kulia gauni za mwanamke. Upande wa kushoto viango vitupu, na pengo la kimoja.

Inspekta akafunga mlango. Bi Mkubwa akakaa ukingoni mwa kitanda, upande usio wake. Ilionekana kwa jinsi alivyokwepa mto.

"Mama, alikuwa amelala hapa."

"Wiki hii yote, mwanangu." Hakujitetea. "Alifika Jumatatu, akaingia na sanduku lake moja kwa moja mpaka hapa. Akatundika nguo. Nikamwambia, baba, wakili atasema nini? Akasema, mwambie nimerudi. Nimechoka kulala kama mpita njia. Jana akampigia mwenyewe, akamwambia. Ndiyo huo ugomvi. Alikuwa anagombana na yeye, siyo na mimi."

"Na leo alfajiri?"

"Aliniamsha kwa kunishika mkono. Kifua. Jasho. Nikapiga simu."

"Kwa wakili."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Akakuambia nini?"

Bi Mkubwa alitazama zulia. "Swali lake la kwanza, yuko chumba gani. Nikamwambia chetu. Akasema mtoe humo kwanza. Akija mtu wa gari la wagonjwa akimkuta humo, ataandika humo, na yote tuliyoyafanya miaka sita yamekwenda na maji. Mtoe, pakia vitu vyake, ukimaliza nipigie. Nikamwambia anaumia. Akasema basi fanya haraka."

"Ulimbeba?"

"Simwezi. Nilimshika kwapani nikamburuta. Akaniuliza, unanipeleka wapi? Nikamwambia chumba cha wageni, mara moja tu." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma bei za sokoni. "Akasema, hata leo?"

Sajini alikuwa amesimama dirishani. Akageuka akatazama nje.

"Nikapakia. Alikuwa ananitazama. Aliniuliza mbona ndara unaziweka chini ya nguo, nikamwambia hutembei sasa hivi, tulia. Nikapiga tena, nikasema tayari. Akasema nakuja mwenyewe kuhakikisha, usiite mtu. Hakukawia, anakaa mtaa huu huu. Akaingia, akatazama chumba, akatazama kitanda, akauliza, mswaki wake uko wapi? Nikakumbuka. Ulikuwa kwenye glasi pamoja na wangu. Nikaenda kuuchukua."

"Mzee alikuwa hai?"

"Alikuwa anapumua kwa kelele. Niliporudi na mswaki alikuwa amenyamaza. Wakili amesimama kule mlangoni, mikono mfukoni. Akaniambia, pole, Bi Mkubwa. Sasa tunaweza kuita gari."

Inspekta alikuwa amekuja kutafuta muuaji, akampata mjane aliyefuata maelekezo. Alimwonea huruma, na huruma haikubadili kitu: mikono iliyoburuta ilikuwa hii, na simu ambayo haikupiga hospitali ilikuwa ya huyu.

"Mama, atakataa," alisema. "Atasema alikwambia uite gari mara moja, ukafanya mengine kwa akili yako. Neno lako kwa lake. Kinachoweza kukuokoa ni ile rekodi tu."

"Basi ichukueni."

"Siwezi. Sheria inalinda siri ya wakili na mteja wake."

"Si mimi niliyepiga?"

"Ulipiga. Lakini siku ya talaka ulitolewa, mama. Wewe si mteja wake."

Bi Mkubwa alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

Mchana walikuwa kituoni wote. Binti, mtoto pekee wa Mzee na Bi Mkubwa, alifika moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege akivuta kisanduku chenye magurudumu. Alikuwa anaishi nchi ya tatu, kwa sababu zile zile. Alimkumbatia mama yake kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika kisanduku.

Inspekta alimweleza bila kumzungusha. Mama yake angeshtakiwa kwa kumwacha mtu afe na kuvuruga ushahidi. Rekodi ya simu ya kwanza ingeonyesha nani aliyetoa amri. Mteja amekufa, msimamizi wa mirathi ni Binti, na ufunguo wa siri hiyo uko mikononi mwake. Saini moja inatosha.

"Na nikiomba amri ya mahakama," Inspekta alimgeukia Wakili, "utaipinga."

"Nitaipinga, nitakata rufaa, nitapinga tena. Mimi ni mvumilivu."

"Wewe ndiye utakayefungwa rekodi ikisikika. Na bado unamshauri?"

"Binti yuko huru kutafuta wakili mwingine," Wakili alisema, mkavu wa macho. "Lakini wakili mwingine atamwambia hili hili. Rekodi ikifunguliwa, itasikika baba alikuwa chumba kipi. Itasikika kwamba alikuwa ametundika nguo. Maana yake alirudi, alikufa akiwa mkazi wa hapa, na hapa wanachukua karibu nusu ya kila kitu, cha huku na cha kule. Kiwanda kitauzwa. Meli pia."

"Nusu nyingine inabaki," Binti alisema taratibu. Kwa kitambo kidogo Inspekta alidhani mtu ameamka mle ndani.

"Inabaki," Wakili alikubali. "Bila kiwanda, bila meli."

"Mama atafungwa miaka mingapi?"

"Jaji ndiye anayejua," Inspekta alijibu. "Si chini ya kumi."

"Ana sitini na tisa."

"Najua."

Binti akamgeukia mama yake. Macho yalikuwa yamejaa, na hayakuwa machozi ya bandia. Hilo ndilo lililoudhi. "Mama, kwa nini hukuita gari tu? Hospitali iko hapo nyuma. Nani alikukataza?"

Bi Mkubwa alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe," alisema. "Mwaka juzi baba yako alipoteleza bafuni, nilimwita daktari kwanza. Uliniambia nimekuharibia maisha. Hukuzungumza na mimi wiki nzima. Ulimlipa wakili aende akaongee na yule daktari. Nikasema, sirudii tena."

Sajini alikohoa bila kuwa na kikohozi. Binti alifuta macho kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu asiharibu wanja, akaichukua ile karatasi ya ruhusa, akaisoma mwanzo mpaka mwisho, na akairudisha mezani ikiwa haina saini.

"Sifungui," alisema.

Inspekta alitamani kumzaba kofi, na wala hakuona aibu kutamani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Hakuna aliyetunga methali ya upande wa pili, na sasa alijua kwa nini. "Rudia," alimwambia. "Mbele yake. Nataka nisikie mara mbili."

"Sifungui. Mama anaelewa. Tutamtafutia wakili mzuri wa jinai."

"Nina orodha," Wakili alisema.

"Mwili wa baba nitaupata lini? Mazishi ni kule kesho kutwa, na ndege yangu ni jioni."

"Akimaliza daktari," Inspekta alisema, na akainuka, kwa sababu kubaki amekaa kungemfanya aseme mengine.

Kaunta ilikuwa mlangoni. Sajini alikuwa ameshaanza kuandika maelezo ya mtuhumiwa, kwa herufi kubwa za shule, akimwuliza Bi Mkubwa kwa sauti ya chini kama anayemwomba radhi. Umri. Makazi. Ugonjwa wowote. Dawa. Binti alisimama nyuma ya mama yake, kisanduku kimeegemea goti, na Wakili pembeni akitazama saa ya ukutani.

"Ndugu wa karibu?" Sajini aliuliza. "Wa kumletea nguo, wa kumwita akiugua."

Bi Mkubwa akageuka nyuma. Binti alikuwa ameshasogea hatua moja, amefungua mdomo. "Niandike m..."

Wakili alimgusa kiwiko, kwa upole kabisa.

"Usiandikwe," alinong'ona, ila kaunta ilikuwa fupi na wote walisikia. "Mama mzee, mgonjwa, hapa, na jina lako chini ya lake. Watasema una mtegemezi nchi hii. Kitakuwa kiungo. Tulishayazungumza haya."

Binti alifunga mdomo. Alitazama kalamu ya Sajini, akatazama mlango wa kioo na teksi iliyokuwa inamsubiri na injini inanguruma. Hatua aliyokuwa amepiga mbele aliirudisha, kidogo tu, upana wa kigae kimoja.

Sajini alisubiri kalamu ikiwa hewani. Inspekta hakumsaidia mtu.

Bi Mkubwa alimtazama mwanawe kwa muda, toka nywele mpaka viatu, kisha akageuka akaweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta.

"Andika sina, baba," alimwambia Sajini. "Huyu kanisindikiza tu."